Mama mkwe anasema maji yakilala siku tatu yameoza. Ni kweli?

"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Kimara, tuko sita nyumbani: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mdogo ana miezi minne, ananyonya. Maji ya bomba kwetu yanatoka kwa zamu, na ule mgao wa mwaka 2022 ulitukuta hatuna hata ndoo moja ya akiba. Tukawa tunanunua ya boza na ya mikokoteni bila kujua yametoka wapi. Sasa nataka tuwe na maji ya kunywa ya dharura. Nina madumu sita ya lita 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kula, na shemeji ametuletea mapipa mawili ya bluu ya mtumba, hajui yalibeba nini. Mama anasema maji yakilala siku tatu yameoza, tuyamwage. Jirani anatia jiki kwenye ndoo yake, mimi naogopa ni sumu. Mume wangu anasema tuachane na madumu, tununue simtenki moja kubwa tumalize kazi. Nani yuko sahihi?"

Dada, nyumbani kwako kila mtu ameshika kipande cha ukweli, ukiondoa mapipa ya shemeji, ambayo nitayarudia. Unachouliza hasa ni hiki: maji mkiyaweka ndani leo, siku bomba likikauka mtayanywa bila wasiwasi? Inawezekana kabisa, tena kwa gharama ndogo. Ila inabidi tuanze na kauli ya mama, kwa sababu msipoelewana hapo atayamwaga madumu yako ukiwa kazini.

Mama hajasema kitu cha ajabu. Maji ya mtungi au ya ndoo iliyofunikwa kwa sahani kweli hubadilika baada ya siku chache: yananuka, yanakuwa na utelezi, mara unaona vijidudu vinacheza juu. Hicho amekiona kwa macho yake maisha yote. Lakini maji yenyewe hayana cha kuoza. Kinachooza ni kile kilichoingia ndani yake, na mara nyingi kimeingizwa na sisi wenyewe. Mtoto anachota kwa kikombe alichokiacha sakafuni, vidole vinazama mpaka kwenye kifundo, kikombe kinarudi juu ya mfuniko. Kila mchoto unapeleka bakteria wapya na chakula chao. Wanashika kwenye kuta za chombo na kujenga utando telezi, ule unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo. Ukimwaga maji na kujaza mengine bila kusugua, utando umebaki palepale, na maji mapya yanaanza safari yakiwa tayari machafu.

Kwa hiyo idadi ya siku si kipimo kizuri. Maji yaliyotiwa dawa, yakafungwa kwenye chombo safi chenye mdomo mwembamba na kuwekwa gizani, hukaa miezi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hushauri maji uliyojaza mwenyewe yabadilishwe kila baada ya miezi sita. Kwa joto letu la Dar na madumu yetu yaliyotumika, mimi nakwambia badilisha kila mwezi au miezi miwili. Si kwamba yatakuwa sumu siku ya sitini na moja, ila ukizungusha mara kwa mara unagundua mapema dumu linalovuja au mfuniko uliopasuka. Yale ya ndoo inayochotwa kila siku, mama yuko sahihi: siku mbili tatu, kisha osha.

Vijidudu vile vinavyocheza ni jambo jingine. Mara nyingi ni viluwiluwi vya mbu, na kwa hapa mjini mbu anayependa maji ya ndani na uani ni Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue. Dar ilisumbuka nayo mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hubandikwa ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukauka miezi kadhaa yakisubiri chombo kijazwe tena. Ndiyo maana pipa la kufulia halitoshi kumwagwa, lisuguliwe kuta. Na mfuniko uwe mfuniko kweli, usio na mwanya.

Kabla sijafika kwenye dawa, tuyaangalie maji yanayokufikia. Watu wengi huamini kwamba yakitoka bombani yamekwisha salama. Yakitoka mtamboni Ruvu yanakuwa yametiwa klorini, ni sawa. Tatizo ni mgao wenyewe. Bomba likijaa, msukumo wa maji unazuia vitu vya nje kuingia. Palipo na ufa, maji ndiyo yanayotoka. Bomba likikauka, msukumo huo haupo, na udongo uliolizunguka umelowa maji ya vyoo na mifereji. Uchafu unapenya kwa ufa uleule. Wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa wanazidisha, kwa sababu wanalinyonya bomba mpaka linavuta vya nje. Siku maji yanarudi, ya kwanza yanabeba yote hayo, kutu na matope yakiwa ndiyo unayoyaona. Ya mwanzo basi yaende kwenye ndoo ya kupiga deki na ya chooni. Yakishatoka meupe kwa muda, ndipo ujaze madumu ya kunywa, na hata hayo uyatie dawa.

Sasa jiki. Jirani yako hajakosea, ila nataka nijue ni jiki gani na anatia kiasi gani. Dawa inayotumika mitamboni na ile iliyomo kwenye jiki ya kawaida ni za familia moja: klorini. Soma lebo. Unatafuta maneno "sodium hypochlorite" na asilimia yake, mara nyingi 3.5. Isiwe na manukato ya ndimu wala maua, isiwe ile ya nguo za rangi, isiwe na sabuni ndani, na isiwe imepita tarehe. Joto na mwanga huipunguza nguvu, kwa hiyo chupa iliyokaa juani dukani siku nyingi inakudanganya.

Kwa jiki ya asilimia 3.5, dumu la lita 20 la maji meupe linahitaji robo ya kijiko cha chai. Robo tu, kama mililita moja na kidogo. Hiyo inakupa takribani miligramu 2 za klorini kwa kila lita, kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu, chuja kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, kisha tia nusu kijiko. Funga, tikisa, acha nusu saa. Ukifungua unapaswa kusikia harufu kidogo ya klorini, na hiyo ndiyo dalili kwamba bado kuna dawa iliyobaki ya kupambana na uchafu utakaoingia baadaye. Husikii kitu? Basi uchafu umeimaliza. Rudia kipimo kilekile, ngoja nusu saa nyingine. Ikipotea tena, maji hayo si ya kunywa, tafuta mengine.

Sumu huja pale mtu anapomimina kwa macho. Nimekuta nyumba ambako jiki hutiwa kwa kizibo, kizibo kizima kwenye ndoo ndogo ya lita 10, na watoto wanalalamika koo na tumbo. Hapo hofu yako ina msingi. Nunua kijiko cha plastiki, kifungie kwenye chupa kwa raba, na kisitumike kwa kazi nyingine. Chupa ikae juu watoto wasikofika, wala isichanganywe hata siku moja na dawa ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kama kupima kunakutia wasiwasi, nunua dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, WaterGuard kwa mfano, ipo maduka ya dawa. Kipimo kimeandikwa kwenye paketi. Bei yake kwa lita ni kubwa kuliko jiki, lakini kwa nyumba yenye mama mzee na watoto wanaopenda kusaidia, mimi ningechagua hiyo na kuacha jiki kwenye nguo.

Na kuchemsha? Ni njia bora kuliko zote kwa kuua vimelea, hata wale wachache ambao klorini hawaisikii. Hapa pwani inatosha maji yachemke kwa mapovu makubwa dakika moja. Hakuna haja ya kuyaacha robo saa yakila gesi. Kasoro yake ni kwamba yakishapoa hayana ulinzi wowote. Ukiyamimina kwenye chombo chenye utando, umepoteza mkaa wako. Kwa ya kunywa leo na kesho, chemsha. Kwa ya akiba, tia dawa.

Shabu na mbegu za mlonge hukusanya matope yakashuka chini, na maji yanang'aa. Kung'aa si usalama. Ukitumia shabu, chukua maji ya juu, halafu ndiyo utie klorini. Na mkikosa vyote, dawa na moto, kuna jua: chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja na nusu au pungufu, zijazwe maji meupe na kulazwa juani kwa muda wa saa sita kamili, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Njia hii imefanyiwa utafiti wa miaka mingi na inafanya kazi. Ni ya kupita nayo shida, si ya kuendeshea nyumba.

Turudi kwenye vyombo vyako. Madumu ya mafuta ya kula yanafaa, ni plastiki ya chakula, na mdomo wake mwembamba ndio uzuri wake: mkono hauingii, kikombe hakiingii, unamimina tu. Shida yake ni mafuta yaliyobaki kwenye pembe na ndani ya mkono wa dumu. Mafuta hayo huvunda, na hula klorini yako yote. Tia maji ya moto yasiyochemka, sabuni ya maji na viganja viwili vya changarawe safi au mchele mbichi, funga, litikise kwa nguvu ukiligeuza kila upande. Mkono wa dumu ndio wengi wanausahau. Lilaze mkono ukiwa chini, changarawe ziingie humo zisugue. Rudia mpaka ukilijaza maji usione vijiduara vya mafuta juu. Kisha tia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja na nusu cha chai cha jiki, lizungushe lilowe kote, acha nusu saa, mwaga, suuza. Mfuniko nao uufanyie hivyohivyo, na kama ile plastiki laini ya ndani imekatika, tafuta mwingine. Mfuniko wa mfuko wa nailoni uliosokotwa si mfuniko.

Mapipa ya bluu sasa. Mwambie shemeji asante, ila maji ya kunywa hayataingia humo. Mapipa ya namna hiyo hubeba vitu vingi: juisi nzito, sabuni za viwandani, asidi, hata viuatilifu. Plastiki hunywa kemikali kama inavyonywa harufu, na huzirudisha polepole ndani ya maji. Hakuna kuosha kunakoziondoa, na jiki haina kazi hapo kwa sababu yenyewe inaua vimelea, haiondoi kemikali. Kuchemsha nako hakusaidii. Kwa kuwa hamjui yalibeba nini, yawe ya maji ya kusukumia choo tu, yaandikwe kwa rangi nyekundu, wala msiyaogee. Na kwa kuwa una watoto, yafungwe vifuniko vya kukaza. Mtoto anayetambaa huweza kuzama hata kwenye ndoo yenye maji nusu.

Hesabu yenu si ngumu. Kwa kunywa na kupika, lita nne kwa mtu kwa siku ni kiwango cha kubana mkanda lakini kinatosha. Mdogo wa miezi minne hamumhesabu, kwani anayenyonya hahitaji maji hata tone mpaka afikishe miezi sita, hata kukiwa na joto la Februari. Anayehitaji zaidi ni wewe unayemnyonyesha. Watu watano, lita nne, siku saba: lita 140, yaani madumu saba. Ongeza moja kwa ajili yako na kunawa mikono, yawe manane. Una sita, nunua mawili. Mkiweza kufika wiki mbili, vizuri zaidi, lakini msianze kwa kutafuta wiki mbili mkashindwa hata moja.

Yapangeni uvunguni mwa kitanda au pembeni ya chumba pasipofika jua, juu ya vipande vya mbao ili uvujaji uonekane. Yasikae karibu na mafuta ya taa, rangi wala dawa ya panya. Yasibebanishwe, kila moja lina kilo 20, likimwangukia mtoto ni hospitali. Kila dumu libandikwe plasta yenye tarehe, na la tarehe ya zamani ndilo litoke kwanza, lihamishiwe kwenye ndoo ya kila siku yenye koki. Koki hiyo ndogo itawakinga na magonjwa kuliko pesa nyingi unazoweza kutumia kwingine. Ukifungua dumu la akiba baada ya wiki kadhaa na halina harufu ya klorini, si ajabu, dawa huisha taratibu. Tia robo kijiko tena, subiri nusu saa, endelea.

Mume wako na simtenki yake: nampa nusu ya alama. Kwa kufua, kuoga, vyombo na choo, hamtapata kitu bora. Lakini akiba ya kunywa isikae humo peke yake. Maji yote yakiwa chombo kimoja, siku bomba likileta uchafu au boza likimwaga maji ya chumvi, umeharibu akiba yote kwa mpigo mmoja. Madumu manane ni akiba nane zilizotengana. Mkinunua, lita 1,000 ni tani nzima, kwa hiyo mnara wake ajenge fundi anayejua, na tanki likae juu ya uso ulionyooka pande zote. Lioshwe kila miezi mitatu hadi sita, maana tope hutulia chini ya tundu la kutolea maji na hulioni. Jirani anayetumia tanki la chini ya ardhi asimwingize kijana humo peke yake kusafisha, wala asiteremshe pampu ya petroli ndani. Hewa ya humo huua kimyakimya, na anayeruka kumwokoa mwenzake huwa wa pili.

Boza mtaendelea kulihitaji, hilo halikwepeki. Muulize dereva amejaza wapi, onja kabla hajafungua mpira. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na katika mitaa iliyobanana kisima na choo vinapakana. Chumvi haiondoki kwa moto, ukichemsha inazidi kukolea. Kama mama mkwe ana presha au figo, maji ya chumvi asiyanywe kila siku, na hilo mlizungumze na daktari wake. Nitrati kutoka vyooni nayo haitoki kwa moto wala klorini, na ni hatari kwa wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya kopo. Mwanao mdogo bado ananyonya, ila ukija kumwachisha, hayo ya kisima yapimwe kwanza.

Kipindi cha mvua kubwa ongezeni ukali. Wote tunajua kuna watu hungoja mvua ya masika wapate kutapisha vyoo, na uchafu huo unashuka mitaani mpaka kwenye mabomba na visima vya walio bondeni. Ninyi wa Kimara juu mna nafuu, hamjaepuka. Dumu au tanki lililoguswa na maji ya mafuriko limwagwe, lioshwe, litiwe dawa upya, hata kama maji ya ndani yanaonekana meupe.

Mtu akianza kuharisha majimaji kama ya mchele, mara nyingi na mfululizo, msikae kujadili maji. Kipindupindu humaliza maji ya mwili kwa saa chache. Mpeni ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa kwa maji salama huku mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Ikikosekana, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawasawa, visiwe mlima. Pakiti mbili tatu za ORS zifungwe kwenye mkono wa dumu la kwanza la akiba, zisitafutwe usiku.

Maji yakinuka mafuta au dawa, yakibadilika rangi ghafla mtaa mzima, toeni taarifa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, na kwa afisa afya wa kata, yeye anaweza kuja kuona chanzo. Mkitaka kupima maji ya kisima mnachotegemea, maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hupima kwa malipo. Pigeni simu kwanza mwombe chupa yao iliyotakaswa. Sampuli iliyochukuliwa kwenye chupa ya soda itawapa majibu ya chupa ya soda. Ichukuliwe asubuhi, iwekwe kwenye kibaridi chenye barafu, na ifike maabara siku hiyohiyo.